Mhunzi Aliyekataa Kuvuka Mto

Nilimwambia sajini "ndiyo". Mpaka leo nasikia sauti yangu ikilitamka neno lile, kwa wepesi wa mtu anayekubali kuongezewa chumvi mezani.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alinikuta kwenye ofisi ya mizigo ya stesheni ya Kamina, nikiandika hati za magunia ya samaki wakavu yaliyotoka Bukama. Aliweka kofia yake juu ya karatasi zangu, akainama karibu.

"Komi," akasema, kwa maana hivyo ndivyo walivyotuita makarani, "Jumamosi tunavuka muto. Nimechoka na ule moto ya mhunzi. Akikatala, umutoshe."

"Nimutoshe namna gani?" nikauliza, maana kwetu kutosha mtu ni kumtoa.

"Weye ndjo mwenye hadisi. Utajua."

Nikasema ndiyo. Akachukua kofia yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Hakuwa akisema habari za mto wa kweli wala mhunzi wa kweli. Alikuwa akisema habari za mchezo tuliocheza kila Jumamosi alasiri kwenye baraza ya nyumba yangu.

Mchezo huo niliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuja kufundisha hesabu katika shule ya sekondari niliyosoma. Mkataba wake ulipokwisha aligawa vitu vyake. Mpishi alipata baiskeli. Mimi, niliyekwenda kumuaga tu, nilipata sanduku la karatasi ngumu lenye kijitabu cha Kifaransa na dadu za pande nyingi. Moja ilikuwa na pande ishirini, rangi ya chai isiyo na maziwa. Hapakuwa na ubao wala vipande vya kusogeza. Mmoja anasimulia nchi na mambo yanayotokea humo. Wengine, kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi ile, na yeye ndiye anayesema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la hatari, dadu inatupwa. Kijitabu kilionya mwanzoni kabisa kwamba msimulizi ameshika dunia nzima mkononi mwake isipokuwa kitu kimoja, nacho ni nia ya mtu wa mwenzake. Niliyapigia mstari maneno yale kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa mtu wa kupigia mistari.

Tulikuwa wanne. Mimi nilisimulia. Rafiki yangu tangu utoto, fundi wa injini katika karakana ya reli, alikaa kulia kwangu. Mbele yangu alikaa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi mkali na kicheko kikubwa. Wa nne alikuwa sajini wa base, kambi ya jeshi ya pale, mtu wa mkoa wa mbali. Hatukumwalika. Siku moja alipita njiani akasikia tunacheka, akaingia uani, akauliza tunacheka nini. Hakuna aliyethubutu kumwambia aendelee na safari yake. Jumamosi iliyofuata akaja na kiti chake.

Ngome na mazimwi ya kijitabu tuliviacha. Nchi yetu ilikuwa ukingo wa mto mkubwa kama Lualaba, zamani za wafalme. Ilibaki kila mtu ampe mtu wake jina. Majina ya kijitabu yalikuwa ya Kizungu, na katika miaka ile ya Zaire hata majina yetu ya ubatizo tulikuwa tumeyaweka kando kwa amri ya serikali. Basi mimi, nikijiona mwerevu, nikasema, "Hapa hakuna majina ya Kizungu. Kila mtu achukue jina la ukoo wake." Sajini, ambaye mtu wake alikuwa askari wa mfalme, alichukua neno la kwao lenye maana ya chui. Mwalimu alichukua jina la shangazi yake aliyemtesa utotoni, akamfanya kuwa mwizi wa kuku, akafurahi sana. Rafiki yangu alifikiri kidogo, kisha akachukua jina la babu yake mzaa baba, aliyekuwa mhunzi.

Kwetu Waluba jina si nguo ya kuazima. Mtoto hupewa jina la mzee aliyetangulia, na watu husema mzee amerudi. Wapo wanaomwamkia mtoto mchanga kwa heshima ya mkubwa. Babu yule mhunzi alikuwa amerudi kwa binti wa rafiki yangu, mtoto wa miaka mitano. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale mezani, kwa sababu ni mimi niliyemshika mtoto yule padri alipommwagia maji ya ubatizo. Mimi na mke wangu hatukujaliwa kuzaa. Binti yule ndiye pekee aliyeingia kwetu bila kubisha hodi, akaniita tata, yaani baba, akaketi chini ya meza tukicheza, akipanga maganda ya karanga kama treni na kuyaita stesheni moja moja hadi Bukama. Ningeweza kusema, "Chagua jina lingine, ndugu yangu." Sikusema. Nilikuwa nimesoma, na niliona haya kuonekana ninaogopa majina.

Kwa miezi kadhaa mchezo ulikwenda vizuri, ila ulikwenda alikotaka rafiki yangu. Mhunzi wake alitafuta kilima chenye mawe ya chuma, akajenga tanuri, akafundisha vijana, akaamua kesi za jembe lililovunjika. Kila nilipoleta habari za vita ng'ambo ya mto, alinijibu kwa upole, "Vita bataleta kwangu majembe ya kutengeneza. Niko nabakia ku moto." Mwalimu alifuata maisha ya kijiji, akiiba kuku na kuolewa mara mbili. Sajini alikaa na chui wake asiye na wa kumrarua, akivunja maganda ya karanga kwa kidole gumba.

Naomba niwe mkweli hapa. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikubali kwa sababu ya hofu. Hofu ilikuwepo. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona sajini akimpigisha magoti kwenye changarawe mwendesha baiskeli mmoja ambaye hakusimama bendera ilipokuwa ikipandishwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nilikuwa nimeandika vita vile. Nyuma ya hati zilizoharibika za ofisi nilikuwa nimejaza kurasa nyingi za mitumbwi mia ya mfalme, na ngoma, na moshi, nikasubiri watu wavuke ili niwasomee. Mhunzi mmoja mkaidi alikuwa amenizuia mlangoni mwa hadithi yangu mwenyewe. Sajini aliponiambia nimtoe, nilisikia hofu, na chini ya hofu nilisikia furaha.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri na bati lilikuwa bado linadondosha maji. Mtoto hakuja siku ile. Alibaki na mama yake wakisuka. Nikaanza kusimulia. Mfalme ametuma wajumbe. Kila mwanamume avuke.

"Mhunzi yangu haiende," akasema rafiki yangu. "Anaambia mufalme: nani atatengeneza mikuki kama mhunzi anakufa?"

Lilikuwa jibu zuri. Kijitabu kingenitaka nilipokee, nimwache mfalme afikiri.

"Wajumbe wamemkamata," nikasema. "Wamemtia mtumbwini."

"Alikimbia, sasa."

"Hakuwahi. Mtumbwi umekwisha kuondoka."

Rafiki yangu akanitazama. "Nani alimutia mule? Minyi sikusema anapanda."

"Komi anacheza yeye peke yake leo," mwalimu akasema akicheka. "Siye tuende tukapike. Atatuambia jioni kama tulikufa."

"Acha hadisi iende, mama," sajini akasema. Hakupaza sauti. Mwalimu akanyamaza, na kicheko chake kikabaki mezani kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuiondoa.

Nikasema mto umefurika, mtumbwi umegonga gogo, mhunzi ameanguka majini. Rafiki yangu akanyoosha mkono achukue dadu, maana ilikuwa haki yake. Nikamtangulia. Nikaitupa mwenyewe nyuma ya kijitabu nilichokisimamisha kama ukuta. Sheria ilikuwa nyepesi: ikizidi kumi, anatoka.

Ilisimama kwenye kumi na saba.

Niliiona vizuri. Hata leo naiona, ile kumi na saba, rangi ya chai, na tone la maji ya bati lililoanguka karibu yake. Macho ya sajini yalikuwa juu ya uso wangu. Nikaifunika kwa kiganja.

"Nne," nikasema. "Maji yamemchukua. Hakuonekana tena."

Rafiki yangu alikuwa na karanga mkononi. Akairudisha kwenye sahani, moja, taratibu.

"Umeua jina," akasema.

"Ni mchezo, ndugu yangu."

"Jina ya nkambo. Eko mu nyumba yangu, ile jina. Iko naikala kwangu, inakula bukari." Akasimama. "Uiseme vingine."

"Dadu imesema."

Akachukua kofia yake akaondoka, akipita katikati ya madimbwi bila kuyakwepa. Sajini akasugua mikono yake. "Haya," akasema, "ng'ambo kuko nini?" Nikachukua kurasa zangu nikaanza kusoma habari za vita. Sikumbuki nilichosoma. Mwalimu aliondoka kabla sijafika ukurasa wa pili.

Jumatano jioni mke wangu alirudi kutoka kisimani akasema mtoto ana homa kali na shingo inamuuma. Nilikuwa nikila. Nikanawa mikono. Nilitaka kwenda kumwona, nikafika kwenye ua wao, nikasikia wanawake wakizungumza ndani, na mmoja akatamka neno moja, "mulozi", yaani mchawi, sijui kwa habari ya nani. Nikageuka nikarudi nyumbani haraka.

Ni lazima nieleze hofu ile, kwa maana asiyeishi kati yetu anaweza kucheka. Mwaka uliotangulia, nyuma ya soko, mama mmoja mzee alisingiziwa kifo cha mjukuu wa jirani. Watu waliokuwa wakinunua mihogo kwake waliibomoa nyumba yake bati kwa bati, mchana kweupe, na mabati wakayabeba. Nilisimama barabarani nikatazama. Hakuna aliyekuwa na hasira usoni. Walifanya kama watu wanaovuna.

Alhamisi asubuhi rafiki yangu alikuja ofisini. Hakuwa amelala. Mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na mafuta ya injini, ilikuwa safi, na usafi ule uliniogopesha.

"Kuya kwangu," akasema. "Leo, mbele ya mama yake na bale bazee. Useme yee alitoka mu mayi. Maneno ile tu, hakuna ingine."

"Mpeleke mtoto hospitali ya reli."

"Ntamupeleka. Kwanza useme. Hospitali itafungua namna gani kitu weye ulifunga?"

"Sikufunga kitu! Ni karatasi na dadu. Wewe mtu wa injini, unaamini mambo haya?"

"Minyi naamini mutoto yangu iko inaungua." Akanisogelea. "Ndugu yangu, sikuite mulozi. Sikusema ku muntu. Nakuomba."

Kumi na saba. Nilikuwa nayo mdomoni. Sikuhitaji kufuta lolote wala kubuni. Nilihitaji tu kusema kweli, kwamba alitoka majini, kwamba dadu ilimtoa, na mimi niliifunika. Angekwenda mbio nyumbani na habari ile, na kutoka pale hadi hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Lakini nilikwisha kupiga mahesabu yangu, mimi karani. Nikisema dadu ilimwokoa, watauliza basi nani alimuua. Watajibiwa, ni huyu, kwa nia yake, amekaa kitini. Na mtu anayeua jina kwa nia yake tu, akiwa amekaa kitini, ana neno lake katika lugha yetu. Niliona mabati ya nyumba yangu yakibebwa.

"Dadu imesema nne," nikamwambia. "Mimi nifanye nini?"

Nyuma yake treni ya Bukama ilikuwa ikipakia. Akatoka. Baadaye nikamwona kupitia dirishani akipanda, mke wake nyuma yake amembeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimefunikwa kitenge. Walikuwa wanakwenda kwa wazee wa ukoo, kando ya Lualaba, jina lile likaitwe litoke majini. Ningeweza kutoka. Ningeweza kumwambia mkuu wa stesheni, mtu niliyefahamiana naye, azuie treni kidogo, nipande niseme kweli mbele ya abiria wote. Nilikaa. Nikasaini hati ya mahindi. Treni ikapiga honi.

Siku tatu zile sikula. Mtu akibisha mlangoni nilisimama nyuma ya kabati. Mwalimu alipita Ijumaa, akasimama uani, hakuingia. "Komi," akaita, "dadu ile iko na pande ngapi?" Nikamwambia ishirini. "Na zote zilikuwa nne?" Hakungoja jibu.

Jumamosi sajini alikuja na kiti chake kama kawaida. Akakuta baraza tupu. Nilimweleza mambo yote kwa sauti ndogo, nikitazama bunduki yake, na nikamwambia ya kumi na saba pia, kwa sababu nilitaka mtu mmoja ashike kosa pamoja nami. Akaweka kiti chini.

"Mutoto? Mutoto gani? Ule ya maganda?"

"Wewe ulisema nimtoe."

"Nilisema umutoshe! Aende kwa bamukwe, aende kutafuta mabwe ya chuma, sijue! Ulimuua juu ya nini?"

"Niliogopa kukukatalia."

Alivua kofia yake akajipangusa uso. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyechoka, mwenye mke na watoto mbali na kwao. "Komi, minyi kila siku niko nasema ndiyo ku bakubwa. Nilikuja kwako nisikie hadisi. Ungesema hapana, ningecheka." Akakunja kiti chake. "Ni muchezo, si hivyo?"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia rafiki yangu, na sasa nilirudishiwa.

Walirejea kwa treni ya Jumapili. Sajini alikuwa amewangoja stesheni na gari la jeshi, sijui alilipataje, na ni yeye aliyembeba mtoto kuingia hospitali. Mimi nilisimama ng'ambo ya reli, nyuma ya behewa la makaa. Baadaye muuguzi alimwambia mke wangu kwamba homa ilikuwa imepanda hadi kwenye utando wa ubongo, kwamba mtoto angeletwa Alhamisi hali ingekuwa nyingine. Alisema tu, kama wauguzi wanavyosema. Mke wangu alinisimulia akimenya viazi, hakuniangalia.

Mtoto hakufa. Wazee wa Bukama walisema jina limetoka majini, na watu wakaridhika, na hakuna aliyekuja kubomoa nyumba yangu. Hofu yangu yote ilikuwa ya bure. Siku nilipomwona tena alikuwa amesimama mlangoni kwao, amekonda, anatafuna muwa. Nikamwita kwa jina lake. Hakugeuka. Nikaita tena, nikapiga makofi. Kuku waligeuka wote. Mama yake akatoka, akamshika bega, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Miaka mingi baadaye, rafiki yangu alipostaafu, nilikwenda kwake nikamwambia habari za kumi na saba. Alikuwa akinoa jembe kwa tupa. Hakusimamisha mkono wake.

"Nilijua," akasema. "Ulifunika mbio sana." Kisha akaelekeza tupa kwa binti yake, sasa mwanamke mrefu, aliyekuwa akianika nguo uani, ametugeuzia mgongo. "Si minyi wa kuambia. Ambia yeye."

Nilimtazama akianika hadi kamba ikajaa, nikaondoka.

Dadu zile nilizitupa chooni zamani. Mke wangu amekufa, na nyumba yangu ina mabati yake yote. Neno moja nililomwambia sajini, ambalo ningeweza kulikataa bila kupata hata kofi, lilinigharimu rafiki niliyekua naye, na lilimtia uziwi mtoto pekee aliyewahi kuniita tata. Tangu homa ile hajasikia sauti ya mtu yeyote, wala hajaniita tena.